Nywele Nilizofagia

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea, lakini msijikalishe kwa raha sana, maana leo sikuja kuwabembeleza. Nimekuja kuwagombeza. Ninyi wahudumu wapya wa wodi, na ninyi manesi mnaotembea na simu mfukoni kama ndiyo kipimajoto, na hata ninyi mabinti wa mtaani mnaosoma kwa sababu tu bibi fulani kaandika: nisikilizeni mpaka mwisho. Mkitaka kunikasirikia, nikasirikieni mkiwa mmeelewa.

Mimi nilikuwa mfagiaji. Sioni haya kusema. Niliishia darasa la nne, nikachuma kahawa huko juu kwetu Meru, nikaolewa, nikashuka mjini, nikapata kazi hospitali. Kufagia, kudeki, kubadili mashuka, kumwaga mabeseni, kumshika mama wa watu mabega anapotapika. Miaka thelathini na mmoja. Nusu ya miaka hiyo nilikuwa upande wa wagonjwa wa saratani, na wengi wao walikuwa wanawake wenye saratani ya matiti. Nimesomesha watoto wanne kwa ufagio huo, na mjukuu wangu mmoja yuko chuo kikuu Makumira sasa hivi, anavaa miwani kama jaji. Kwa hiyo asiniletee mtu dharau kuhusu ufagio.

Watu husema mfagiaji hajui kitu. Haya. Daktari hupita kitandani dakika tano. Nesi hupita na karatasi zake. Mfagiaji ndiye anayeinama mpaka uvunguni, na vilivyo uvunguni havijui kusema uongo.

Hasira yangu ya safari hii ilianza Jumapili moja, kama mwezi uliopita, nje ya kanisa, Sekei. Akaja kunisalimia Neema. Huyu Neema ni mtoto wa jirani yangu wa zamani kule mlimani, nimemwona akitambaa. Ameolewa Sombetini, kwa Waarusha, mumewe anaitwa Lomayani, dereva wa bodaboda. Wana mtoto mmoja wa kike ambaye bado ananyonya vidole. Nilikuwa nimesikia Neema ameonekana na uvimbe titini na ameanza dawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa vipi?"

"Nimeshapata mara mbili, bibi. Namshukuru Mungu, wala hazinisumbui."

Nikamtazama kichwani. Amesuka twende kilioni, mistari minene, inang'aa mafuta. Nikanyoosha mkono nikavuta mstari mmoja.

"Bibi! Unaniumiza!"

"Zako hizi?"

"Zangu, bibi. Sijaweka rasta."

"Ndiyo maana zinauma. Zimeshika. Ungekuwa umepata nyekundu mara mbili, huo mstari ungebaki mkononi mwangu kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Nyekundu iko wapi, Neema?"

Akatazama viatu vyake. Watu wanapita, wanatupa mikono, "Bwana asifiwe, mama," na mimi najibu "Asifiwe," huku nimeushika mkono wa mtoto wa watu kama polisi.

"Bibi, tutaongea siku nyingine."

"Tunaongea sasa."

Subirini kidogo hapo. Siwezi kuendelea kabla hamjajua hiyo nyekundu ni nini, maana nusu ya wanaojifanya kuijua wanaiogopa tu.

Wagonjwa wetu wengi wa matiti walikuwa wanaanza na dawa mbili siku moja, zote za kuingia kwenye mshipa. Moja haina rangi, ukiiona unadhani ni maji, sisi tuliiita nyeupe. Ya pili ni nyekundu kabisa. Kina mama wenyewe waliibatiza jina, wakaiita rozela, kama ile juisi. "Leo nakunywa rozela," mtu anasema, na anatetemeka. Nyekundu hiyo ndiyo inayochukua nywele. Ndiyo inayofanya mkojo utoke mwekundu siku hiyo, na kama hukumwambia mgonjwa mapema, atapiga yowe chooni akidhani anatoka damu. Mwambieni mapema! Nimewaokota wangapi sakafuni kwa sababu nesi aliona aibu kutaja mkojo?

Aliyenifundisha mimi ni Nesi Anna, Mchaga wa Machame, mwembamba, mkali, sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Enzi hizo alichanganya dawa mezani karibu na dirisha, kavaa barakoa ya kitambaa na glavu mbili, na dirisha limefunguliwa ili hewa itoke. Siku hizi kuna kabati la kioo lenye upepo wake, na mchanganyaji amevaa kama anakwenda mwezini. Vizuri. Lakini siku hizi hakuna anayemweleza mfagiaji kitu. Nesi Anna alinieleza.

Nilimuuliza siku moja nikiwa napiga deki: "Nesi, mbona mnawatesa na dawa mbili? Moja haitoshi?"

Hakucheka. Alisema, "Mama Eli, wewe si una migomba? Mgomba ukishazaa, unafanyaje?"

"Naukata."

"Usipoukata?"

"Utaoza wenyewe uanguke, watoto wake wapate nafasi."

"Basi na chembe za mwili wako zimeumbwa hivyo hivyo. Kila moja ina amri ndani yake: ukichakaa, ukiharibika, kufa, wapishe wenzako. Kila siku zinakufa ndani yako na wala huweki matanga. Saratani ni chembe iliyoitupa ile amri. Ni mgomba uliokataa kuanguka. Unachipua tu, unachipua, unakula mbolea ya shamba zima."

"Na dawa ndiyo panga?"

"Panga ni la daktari wa upasuaji. Dawa inaingia ndani ya chembe, inaivuruga, mpaka ile amri iliyolala inaamka na chembe inajiua yenyewe. Ila ni janja. Ukiijeruhi upande mmoja inashona kidonda chake, kesho inaamka." Akaweka chini karatasi zake, akanishika viwiko vyote viwili kwa nyuma. Mikono iliyonishika ilikuwa myembamba lakini chuma kitupu. "Kulia nyekundu, kushoto nyeupe. Haya, jikune pua."

Nikajaribu. Wapi!

Akaachia kiwiko kimoja. Nikajikuna pua, na wodi nzima ikacheka, hata mama mmoja aliyekuwa na beseni mapajani.

"Umeona? Ukiachia mkono mmoja, imepona," akasema. "Na zile zinazopona ndizo kaidi kuliko zote, ndizo zitakazobaki kuzaa. Kumpa mtu nusu ni kuilea saratani, tena kuilea kwa adabu mbaya."

Sikusoma, lakini somo lile lilinikaa kwenye viwiko mpaka leo.

Basi nikajifunza kazi. Nilijua kumpa mgonjwa vipande vya barafu amung'unye nyekundu inapoingia, mdomo usije ukatoka vidonda. Nilijua kuwafukuza ndugu wanaokaanga vitunguu karibu na dirisha la wodi. Nilijua mtori wa ndizi ukiwa wa moto hunuka na hukataliwa, ila ukipoa kidogo hushuka. Nilijua kumpa mtu chupa ya maji ya uvuguvugu aikumbatie mkononi kabla ya sindano, mshipa ujitokeze. Na nilijua homa. Mgonjwa wa dawa hizi akipata homa nyumbani hangoji kesho, hangoji dua, hangoji panado ifanye kazi. Anakwenda hospitali saa ile ile. Askari wa damu yake wamepungua. Hili niandikieni ukutani.

Na nilijua mto wa kitandani. Kila asubuhi nilikung'uta mito na kufagia nywele. Wiki ya pili au ya tatu baada ya nyekundu, mto unajaa. Nywele za kila aina, zilizolainishwa kwa dawa ya saluni, za mvi, za msichana wa shule. Nilizikusanya kwa heshima, maana kuna mama alinishika mkono akaniambia, "Usizipige teke na ufagio, Mama Eli, nilizaliwa nazo." Mto ukiwa mtupu baada ya wiki hizo, kuna jambo. Huo ndio ujuzi wangu. Hautolewi cheti.

Sasa niwaambie nilivyoutupa ujuzi huo siku ulipohitajika.

Alikuja mama mmoja wa upande wa Usa River, nitamwita Anaeli. Mnene, mcheshi, anaimba hata akiwa bafuni. Kipindi hicho stoo ya hospitali iliishiwa nyekundu, wagonjwa wakaambiwa waitafute nje waje nayo. Anaeli akaja na nyeupe peke yake. "Nyekundu haipatikani," akasema. Daktari alikuwa mgeni, foleni imefika getini. Akasema tuanze na iliyopo. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nakung'uta mto wake kila asubuhi: mweupe. Nywele chache tu, kama za mtu yeyote.

Safari hiyo ya tatu nilikuwa nafuta kabati lake la kando ya kitanda. Chini ya khanga nikaona boksi, na ndani vichupa vyenye unga mwekundu. Vyote. Havijafunguliwa.

Anaeli aliniona. Akaweka kidole mdomoni. "Mama Eli, usiniseme. Mume wangu amesema mke akinyonyoka kichwa chote ni mke wa marehemu. Hataki kuonekana amekufa angali anakula."

Mnajua nilifanya nini? Nilifunga kabati. Nikachukua ndoo yangu nikaendelea kudeki. Nilijiambia: mimi ni mfagiaji, mambo ya mke na mume yananihusu nini, nesi atajua, daktari atajua. Nani angejua? Nilijua mimi!

Uvimbe ulitulia kidogo, ukamdanganya kila mtu, halafu ukarudi na ndugu zake. Anaeli alizikwa na nywele zake zote, amesukwa vizuri, kapendeza kama bibi harusi. Siku ya nne baada ya mazishi ukoo wakakaa wakanyoa, kama kawaida ya msiba. Mume akanyolewa. Watoto wakanyolewa. Vichwa vyote vile vikang'aa kwa ajili ya kichwa kimoja kilichokatazwa kung'aa.

Sisemi angepona. Nesi Anna mwenyewe hakuwahi kuahidi mtu kupona, alikuwa anasema "tunampa nafasi." Nasema Anaeli hakupewa nafasi, na mmoja wa walionyamaza ni mimi. Nesi Anna alipojua alinitazama tu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru.

Kwa hiyo mnielewe niliposimama nje ya kanisa nimeshika mkono wa Neema. Sikuwa naushika wa kwake peke yake.

Akasema yote. Nyekundu haikuwepo hospitali, wakaandikiwa wakanunue nje. Ilinunuliwa. Mama mkwe akaipokea mlangoni, akauliza hii ndiyo inayonyoa? Akaambiwa ndiyo. Akaiweka anapojua yeye. Neema akaenda hospitali akasema haijapatikana, wakamtundikia nyeupe wakati wanasubiri. Mara mbili. Ya tatu ilikuwa iwe Alhamisi hiyo.

"Na wewe ukakubali?"

"Bibi, yeyo kazika mtoto." Yeyo ni mama, kwa Kimaa. "Kaka yake Lomayani alikufa kwa pikipiki. Alinyolewa yule mama kwa ajili ya mtoto wake. Anasema nikiingia kwake na kipara, namwita kifo aje amchukue na wa pili. Na Lomayani yuko barabarani kila siku. Nikinyonyoka leo, kesho akigongwa, nitasema nini?"

"Na ukifa wewe, huyo mtoto wako atasema nini?"

Akaanza kulia. Nikamwachia mkono. Nilikuwa nimemwachia alama.

Jumatatu nilipanda bodaboda ya watu mpaka Sombetini. Huyo mama mkwe namjua, tumewahi kugombania foleni ya maji zamani. Mrefu, masikio yametobolewa vizuri, ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Kwa adabu zote akaniletea kiti na chai ya maziwa. Lakini alishajua.

"Karibu, mama Mmeru. Umekuja kunifundisha mila za Waarusha?"

"Sikufundishi. Nimekuja kuuliza. Nasikia ng'ombe wako mweusi aliugua ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mlimchoma sindano ngapi?"

"Mbili. Ya ndigana, na ya kutoa maji kifuani."

"Ungemchoma moja tu?"

"Angekufa. Mimi si mjinga."

"Kumbe ng'ombe anachomwa zote mbili, mkamwana anachomwa nusu."

Akainuka. Nami nikainuka, ingawa magoti yangu yalilia yote mawili. "Usinitukane kwangu!" akasema. "Wewe umezika mume, mzee, amekula chumvi akashiba. Mimi nimezika kijana! Nilikaa hapo," akaonyesha chini ya ukuta, "wakaninyoa, na wembe ukawa baridi hivi. Unataka nikione tena kichwa kile ndani ya nyumba yangu?"

Hapo hasira yangu ilikosa pa kukanyaga. Nilikuja nimejiandaa kupigana na mchawi, nikakuta mama. Ila sikurudi nyuma, maana mbele ya Anaeli nilisharudi nyuma mara moja.

Nikakaa. Nikamwambia, "Yeyo, mjukuu wako alipopewa jina, ulimfanyaje mama yake?"

Akatazama tena pale chini ya ukuta.

"Ulimfanyaje Neema siku ile?"

"Nilimnyoa," akasema polepole. "Yeye na mtoto. Kwa maziwa. Ndivyo inavyotakiwa."

"Nani alikufa siku hiyo?"

Akakaa naye. Ng'ombe akalia huko nyuma, akamjibu yule ng'ombe badala ya kunijibu mimi: "Tulia, nakuja."

"Ni wembe ule ule," nikasema. "Na mikono ni hii hii yako. Kuna kunyoa kwa kaburi na kuna kunyoa kwa mzazi. Nani amesema huku ni kwa kaburi? Nywele zikiachwa zidondoke zenyewe kwenye shuka, sawa, inatisha, hata mimi iliniogopesha miaka yote. Lakini ukimnyoa wewe, mchana, kwa maziwa, hakuna kifo kitakachodai kwamba kimemnyoa chenyewe. Na zitaota tena. Nimewaona wakirudi na nywele laini kama za mtoto."

Chai yangu ilipoa mpaka ikafanya utando. Kisha akaenda kwenye kabati la glasi, akatoa kopo la majani ya chai, akanikabidhi. Ndani, vichupa vya unga mwekundu.

"Hizi zitafanya kazi?"

"Si mimi wa kusema. Tutazipeleka kwa mfamasia azikague. Akizikataa zitafutwe nyingine."

Jumatano asubuhi ikawa siku ya kumnyoa. Tukagombana tena! Yeyo alitaka wembe. Nikamwambia wembe hapana, ukimkwangua ngozi wiki ambayo askari wa damu wamepungua, kidonda kidogo kitaita homa. Basi akaitwa kinyozi wa jirani na mashine yake. Yeyo akachovya maziwa akampaka Neema kichwani kabla, kinyozi akaruka kama kaona nyoka: "Mama, mashine haitaki maziwa, itanipiga shoti!" Neema akacheka mpaka akashika tumbo. Tukamfuta, akanyolewa mkavu, kisha yeyo akachukua majani mabichi, akayachovya kwenye kibuyu cha maziwa, akampaka taratibu kichwa kizima huku anasema maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa na sikuuliza. Lomayani alikuwa amesimama na helmeti yake mkononi. Akainama akamgusa mkewe utosini kwa kiganja, kama mzee anavyobariki mtoto, akavaa helmeti akaenda kazini. Jioni alirudi. Yeyo alimhesabu vidole.

Alhamisi nikaenda nao hospitali. Neema akasema ukweli wote mbele ya daktari. Daktari, kijana, alivua miwani akasugua macho. Akasema hesabu inaanza upya kama ni siku ya kwanza, na kwamba uvimbe umepata safari mbili za kujifunza, hivyo hawezi kuahidi. Mfamasia alikagua vichupa, akavikubali. Nesi mmoja wa umri wenu akamgeukia Neema: "Dada, kwa nini hukutuambia?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hii ninayowaandikia nayo.

"Na ninyi kwa nini hamkuuliza?" nikamwambia. "Mmemwandikia nywele zitadondoka, mmempa akasaini karatasi. Mmemuuliza nywele zikidondoka kwao inamaanisha nini? Mmemuuliza nyumbani nani anaziogopa? Amekaa mbele yenu mara mbili amesuka! Amesuka! Anayeingoja nyekundu kweli kweli husuka?"

"Bibi, wagonjwa ni wengi..."

"Wengi walikuwepo na enzi zangu, mwanangu. Na wako niliowanyamazia."

Akashusha macho. Sikufurahi. Nilijiona mwenyewe na ndoo.

Kwa hiyo nawagombeza, na sitaomba radhi. Mtu akiwaambia dawa ya pili haijapatikana, fuatilieni mpaka mlangoni kwake. Ninyi mabinti, mtu akiwaletea kikombe cha mizizi badala ya moja ya zile mbili, kimwageni mbele yake. Mkitaka supu ya dawa za kienyeji, kunyweni, lakini kwanza mwambieni daktari imetiwa nini ndani, na zile mbili zibaki mbili. Na wewe unayefagia, usije ukafunga kabati ukasema haikuhusu. Hiyo mito unakung'uta wewe.

Juzi nilikwenda tena Sombetini. Neema alikuwa uani amejifunika kilemba, amepauka midomo, anakula mtori uliopoa, anasonya kila kijiko. Ameshapata zote mbili, safari mbili. Uvimbe umelegea, daktari kasema. Hajasema umeisha, na mimi siandiki asichokisema. Bado kuna dawa nyingine mbele, na upasuaji.

Yeyo alikuwa ameuanika mto juani. Juu ya foronya kulikuwa na vinywele vifupi, vidogo kama vumbi la kahawa, vile vilivyobaki baada ya mashine, sasa vinang'oka vyenyewe. Vingine vimeanguka chini. Nikaona ufagio umeegemea mlango, na mkono wangu ukaenda wenyewe, mazoea ya miaka.

Yule mama akaniwahi akaushika mpini.

"Kaa, Mama Eli," akasema. "Za huyu nafagia mimi."